Ubao wa Gemu wa Watu Wawili

Wiki tatu baada ya kumzika Mjomba Masanja, Mama alitukabidhi ufunguo wa chumba chake, mimi na pacha wangu Kulwa, akasema tutoe kila kitu kwa sababu mwenye nyumba ameshapata mpangaji. Mjomba alikuwa fundi umeme wa majumbani, na chumba chake pale Nsemulwa kilikuwa kama tumbo la redio: waya kwenye misumari, waya chini ya godoro, soketi zilizoungua, ndoo nzima ya taa zilizokufa ambazo alikataa kuzitupa. Nyuma ya mlango, chini ya jiko la mchina na sufuria mbili zenye masizi, Kulwa akaona ubao. Akaziweka sufuria pembeni, akaugeuza, akaanza kucheka. "Oya Doto! Kumbe hili zigo lako bado lipo? Mjomba alikuwa anapikia ugali juu yake?" Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akafuta macho, na nadhani nusu ya yale machozi yalikuwa ya Mjomba. Mimi sikucheka. Nilishika ukingo wa ubao, nikausikia ule uzito wa mninga, na hasira ikarudi kama nimeiweka mfukoni asubuhi ile. Nina miaka kumi na tisa, sijaishi sana, lakini mwaka ule nilipoingia kidato cha tatu peke yangu bado unanikera kuliko miaka mingine yote, na unanikera zaidi kwa sababu hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumlaumu moja kwa moja.

Mwaka ulianza kwa matokeo ya kidato cha pili. Jina langu lilikuwepo kwenye orodha ya waliovuka, la Kulwa halikuwepo. Tulisimama mbele ya ule ubao wa matangazo bega kwa bega, tukiwa na sare zinazofanana, viatu vinavyofanana, hata kovu la goti tulilipata siku moja kwenye baiskeli moja. Kulwa akasoma orodha mara ya pili kwa kidole, kisha akasema, "Haya, twende nyumbani, njaa inauma," kama vile tulikuwa tumekuja kuangalia ratiba ya mpira. Nyumbani Mama alikuwa amepika ugali na mgebuka mkavu wa nazi, chakula anachopika akiwa na furaha, kwa sababu alishaamua kwamba tumefaulu. Akagawa samaki kama anavyogawa siku zote: anakata katikati, anavilinganisha vile vipande kwa macho, anapunguza nyama kidogo huku anaongeza kule, mpaka viwe sawa. Kwetu Wasukuma pacha akipewa kitu, mwenzake apewe kilekile, siku ileile, la sivyo yule aliyenyimwa ataugua. Mama analiamini hilo kuliko anavyoamini dawa za hospitali. Kulwa alikula kipande chake chote, akalamba vidole, ndipo akasema, "Mama, mimi nimebaki." Mama akamwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi, na nikaona kabisa kwamba anatafuta namna ya kukata na hili katikati.

Kulwa hakurudi shule. Wenzake wa kurudia walipoanza masomo yeye alikuwa kwenye banda la gemu karibu na stendi, akikusanya hela za wachezaji, akibadilisha pedi zilizolegea, na baada ya wiki mbili akawa analala hukohuko. Alikuja nyumbani kubadilisha nguo, na alikuja saa ambazo anajua mimi niko darasani. Mara ya kwanza nilipomfuata nilisimama mlangoni dakika nyingi sana, kwa sababu mimi kuingia mahali penye watu ni kazi. Ndani kulikuwa na giza la mchana, mapazia mazito, harufu ya jasho na karanga. Kijana mmoja akageuka akaniona. "Oya Kulwa, ngosha, njoo uone! Orijino imefika!" Mwingine akamgeukia Kulwa: "Kumbe wewe ndiyo fotokopi? Ndiyo maana umefifia!" Banda zima likacheka. Kulwa naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote. Nikabaki nimeshika mkoba wangu wa shule mbele ya tumbo kama ngao. Alinivuta pembeni akanionyesha video kwenye simu, sidhani kama ni kwa sababu alitaka niione, nadhani alitaka kuwe na kitu cha kuangalia mbali na uso wangu. Ilikuwa mashine ya gemu ya Wazungu, sanduku lenye kijiti cha kushika kwa mkono wa kushoto na batani kubwa za rangi za kupiga kwa kiganja. "Ona hii," akasema. "Siku nikiwa na kitu kama hiki nyumbani hamtaniona hapa tena." Alisema kama mtu anavyosema siku nikinunua ndege. Mimi nilikwenda nyumbani nikaandika sentensi ile kwenye daftari langu, neno kwa neno, nikapiga mstari chini yake.

Ningeiacha palepale kwenye daftari kama nisingesikia maneno ya Jumamosi ile. Nyumba yetu haina dari. Kuta zinaishia kabla ya bati, na mtu akiongea sebuleni unamsikia jikoni kama yuko kwenye kiti cha pili. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la michembe ya viazi vikavu nikimenya kitunguu. Mjomba alikuwa amekuja kula.

"Kaka, mimi nimeshaamua," Mama alisema. "Doto naye arudie."

"Arudie nini? Si amefaulu?"

"Amefaulu. Lakini Kulwa bila Doto harudi darasani. Wakirudi wote wawili, atakaa."

"Dada, mtoto amevuka mto mwenyewe, unamwambia arudi ng'ambo akamshike mwenzake mkono?"

"Nyie wanaume pacha mnawaona kwa macho tu. Mimi niliwabeba. Huyu akienda mbele yule atakufa nyuma."

Nikasikia kijiko kikigonga sahani. Kisha Mjomba akasema, "Basi ngoja Pasaka ipite. Mpe kijana nafasi ya kurudi mwenyewe."

"Nangoja Pasaka. Ikipita, Jumanne naenda kwa mkuu wa shule."

Nilipaswa kuingia sebuleni na kitunguu changu mkononi niseme hapana. Nililia badala yake, na kitunguu kikanisaidia kuficha. Nilielewa kwamba hayo ni masharti ya Kulwa: kwamba amemwambia Mama, Doto akirudia na mimi nitarudia. Na ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu ni huu: sikutaka. Nilimpenda ndugu yangu, lakini mwaka wangu sikutaka kumpa. Ndipo nikakumbuka mashine. Kama ningeweza kuitengeneza, Kulwa angerudi nyumbani kwa ajili yake, akirudi nyumbani angerudi shule, na Mama asingekwenda popote. Kwa hiyo sikuanza kazi ile kwa moyo safi kama Mama alivyokuwa anawaambia majirani. Nilikuwa namtengenezea Kulwa ubao ili nisimpe mwaka.

Vifaa vilitoka kwa Festo, Mfipa mwenye duka la stesheneri, mahali tulipokuwa tunapigia kopi za mitihani. Kila Jumamosi nilimfagilia duka na kupanga karatasi zake, naye akanipa kibodi iliyomwagikiwa chai na mausi za kompyuta zilizokufa. "Dogo, unakusanya maiti?" aliniuliza. "Utawafufua siku ya tatu?" Chini ya meza alikuwa na kompyuta ya zamani yenye kioo cha chogo, na ndani yake gemu moja ya kupigana ngumi na mateke inayochezwa na watu wawili kwenye kibodi moja. Akakubali kuniazima kuanzia Alhamisi Kuu mpaka Jumatatu ya Pasaka. Sikumwambia ni ya nini. Alinitazama, akasema tu, "Usimwage chai."

Ukiifungua kibodi ndani unakuta kibao kidogo cha kijani, na ukingoni kwake kuna mistari ya shaba. Kila herufi inatokea mistari miwili fulani inapogusana. Sikuwa na mtu wa kuniambia ni ipi, kwa hiyo dukani kwa Festo niligusanisha mmoja na mwingine kwa kipande cha waya, mstari wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, nikaangalia kioo kimetoa herufi gani, nikaandika. Wateja wakija nilikuwa naacha, maana walikuwa wanauliza. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tatu. Nilipomaliza nilichora mpango kwenye kurasa mbili za katikati za daftari: kijiti kimoja, chini yake swichi nne za mbele, nyuma, juu na chini, kulia kwake batani nne za kupigia. Swichi nane jumla, na kila mausi inatoa swichi mbili nzima, basi mausi nne zinatosha. Upande mmoja tu, wa Kulwa. Nilihesabu kila kitu mpaka skrubu. Ilitosha kabisa.

Mama akaliona daftari wazi mezani. Hajui kuchora umeme lakini anajua kuhesabu watoto wake.

"Hii ni nini?"

"Ya kuchezea gemu. Ya Kulwa."

"Na ya kwako iko wapi?"

"Mimi sihitaji, Mama. Vifaa vyenyewe havitoshi."

"Doto." Akaweka kidole katikati ya ukurasa uliokuwa mtupu. "Unataka nani augue? Weka na wewe hapa. Na vilingane."

Ukikaa na Mama utajua kwamba hapo mazungumzo yameisha. Nikarudi kwa Festo kutafuta mausi nyingine nne, na alikuwa nazo mbili. Wiki mbili zikapotea mpaka mhudumu wa ofisi moja ya kata alipomletea zingine. Nilikuwa nafanya hisabati za siku zilizobaki kufika Pasaka kwenye pembe za daftari la fizikia, na mwalimu akinikuta ananiuliza hiyo kanuni ni ya mada gani.

Mjomba alinipa ubao. Alikuwa ameuokota kwenye karakana ya seremala aliyemfungia umeme, kipande kinene cha mninga kilichopasuka upande mmoja, hakifai hata kwa stuli. Mtu wa mji mwingine angetumia mbao laini au plastiki, kwetu takataka ya seremala ndiyo mninga. Hatukuwa na kekee ya kutoboa matundu makubwa, kwa hiyo tulipasha bomba la chuma kwenye mkaa mpaka likawa jekundu, tukaunguza. Tundu moja lilichukua karibu nusu saa ya moshi na kukohoa, na matundu yalikuwa kumi. Mama alitoka jikoni na uzi wa kusukia, akapima kutoka ukingo mpaka tundu upande wa Kulwa, akahamishia uzi upande wangu, akasema, "Hili limezidi kidogo." Kwa sababu ya punje ile ya uzi tukaunguza upya. Batani zilikuwa vifuniko vya chupa za maji, nyekundu za Kulwa, na zangu pia nyekundu. Vijiti vilikuwa mipini ya miiko miwili iliyonunuliwa siku moja kwa mtu mmoja.

Makosa yenyewe tuliyafanya Jumapili moja mchana chumbani kwa Mjomba, tukiwa tumeshiba wali na maharage, Mjomba akiwa na furaha ya kufundisha. Kibao cha kibodi kilikuwa na mistari michache, nami nilikuwa na swichi kumi na sita. Nikamwambia nimekwama. Akacheka. "We Doto, hii si sawa na nyumba ya vyumba viwili? Chumba cha kwanza ukishakifunga, chumba cha pili unanakili. Swichi ya kwanza ya Kulwa na swichi ya kwanza ya kwako, waya mmoja unapita kwa wote wawili. Ya pili kwa ya pili. Unaokoa waya, unaokoa mistari." Kisha kila upande ukapata waya wake mmoja mkuu wa kurudia. Mama, aliyekuwa anachambua mchele pale pembeni, akasema, "Safi. Wanywe bomba moja." Ilikuwa nzuri kuiangalia. Waya za Kulwa zilikwenda kushoto, zangu kulia, kama mabawa ya kipepeo. Tuliunga waya kwa risasi ya kuyeyusha mpaka jioni, Mjomba akishika chuma cha moto nami nikishika waya kwa koleo, na nakumbuka alisema kwamba katika maisha yake yote ya ufundi hajawahi kufunga kazi inayopendeza namna ile. Siwezi kumkasirikia. Nimejaribu.

Alhamisi Kuu nikaleta kompyuta kwa baiskeli, kioo kimefungwa kwa mpira nyuma. Nikaunganisha, nikajaribu. Mbele ikaenda mbele. Ngumi ikapiga. Nikajaribu upande wa Kulwa swichi zote nane, nikahama kiti, nikajaribu upande wangu zote nane. Hakuna iliyokosea. Nilijaribu Ijumaa, nilijaribu Jumamosi, kila mara nikikaa upande mmoja, kisha nikihamia upande mwingine. Majirani walikuwepo, watoto wa dirishani walikuwepo wakiomba kugusa, Mama mwenyewe aliuliza, "Nikae hapo nikushikie?" Nikasema hapana, inatosha. Niliona haya kucheza mbele ya mtu. Ubao wa watu wawili niliujaribu siku tatu nikiwa peke yangu.

Kulwa alikuja Pasaka baada ya misa, amevaa fulana mpya yenye maandishi, amenyoa pembeni. Pilau ilikuwa ya kuku, na Mjomba alikuwepo. Mama aligawa mapaja mawili kwa vipimo vyake, akaongea kuhusu mvua, kuhusu mpunga wa shangazi yetu wa Litapunga, kuhusu kila kitu isipokuwa shule. Baada ya kula nikaondoa kitambaa juu ya meza. Kulwa akasogea. Akapitisha kiganja kwenye mninga, tulikuwa tumeupaka mafuta ya mawese ukang'aa, akabonyeza batani moja nyekundu, akasikia ule mlio mdogo wa swichi. "Umetengeneza wewe?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Noma sana," akasema kwa sauti ya chini, sauti yake ya zamani, na kwa dakika ile moja nilikuwa nimefaulu mtihani mkubwa kuliko wowote.

Tukakaa. Nikasukuma kijiti mbele, naye akasukuma mbele akapiga ngumi. Mtu wangu wa kwenye kioo akapiga ngumi palepale, bila mimi kugusa. Kulwa akacheka. "Uko fasta." Akapiga teke, mtu wangu akapiga teke. Akaruka; mtu wangu akaruka. Nilikuwa nimeshika kijiti tu, mkono wa kulia uko pajani.

"Doto, unanifuatisha?"

"Sijagusa."

"Kila nikipiga unapiga. Acha utoto."

"Angalia mkono wangu!" Nikauinua. Akapiga, mtu wangu akapiga. Lakini nilipoinua mikono yote miwili kumthibitishia, mtu wangu akasimama kimya kama mwanajeshi, kwa sababu kosa lilitokea tu pale sote wawili tunapobonyeza, na mimi nikiachia linapotea. Kila nilipotaka kumwonyesha, ushahidi ulikimbia. Nikarudia mara tatu, nne, masikio yanawaka. Sasa hivi najua. Waya zilizounganishwa kwa jozi vile zinaupa umeme njia ya kuzunguka, ukitoka kwa Kulwa unapita kwangu na kurudi, na kibodi inadhani nimebonyeza nisichobonyeza. Tungechagua mistari isiyofanana, au tungeweka daiodi kwenye kila swichi, kidude kama punje ya mchele kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Zilikuwemo ndani ya taa zile mbovu, kwenye ndoo ya Mjomba, mita mbili kutoka mahali tulipokuwa tunachoma. Nimelijua hili kidato cha sita na sikulala vizuri.

Siku ile nilijua tu kwamba Kulwa ameachia kijiti.

"Hata hapa," akasema. "Nimekuja mpaka hapa, na hapa pia unanifuata."

"Ni waya, Kulwa! Ni waya zimekosewa!"

"Sizungumzii waya."

Nikasikia maneno yangu yakitoka kabla sijayapanga. "Wewe ndiye uliyetaka nikufuate! Si ulimwambia Mama hurudi shule mpaka na mimi nirudie?"

Akanigeukia uso mzima. "Nani?"

"Wewe."

"Mimi? Doto, una kichaa? Nikukute tena kwenye dawati langu, walimu waseme ona mwenzako, ona mwenzako? Banda lile wananiita fotokopi kwa sababu ulikuja wakakuona. Kabla hujaja walikuwa wananiita Kulwa tu." Akasukuma ubao, ukaenda mpaka ukagonga kioo. "Shule ningerudi hata kesho. Ila siyo ile uliyomo wewe. Nimechoka kupimwa na wewe, mwana. Unaelewa? Sijakukasirikia. Nimechoka."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai, vikombe vinne, sukari sawa. Sijui alisimama pale tangu lini. Mjomba alikuwa anaangalia miguu yake. Na mimi, ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni darasani ilikuwa inanitoa jasho, nikasema: "Mama, mimi sirudii kidato cha pili." Sauti ilitoka nyembamba na mbaya. Nikasema tena. "Sirudii. Usiende kwa mkuu wa shule."

Mama akaliweka sinia chini sakafuni, siyo mezani, kama mtu ambaye hajui meza iko wapi. "Nyie mtaniua," akasema. "Mnataka niwakate katikati?" Mjomba akakohoa, akasema pole pole, "Dada, walishazaliwa wawili." Mama akakaa kwenye mkeka mgongo ukitugeukia, akanywa chai yake peke yake, na ya kwetu ikapoa kwenye sinia. Nilikaa nikiangalia ubao ule, kazi yangu ya miezi mitatu, uliopimwa kwa uzi, na nilitamani kuupasua kwa shoka. Mninga haupasuki kirahisi. Mjomba aliubeba jioni ile akasema ataurekebisha. Hakuurekebisha.

Wiki mbili baadaye shangazi wa Litapunga alikuja na maneno yakaisha: Kulwa atakaa kwake, atarudia kidato cha pili shule ya kule, na uhamisho ukafanyika. Aliondoka asubuhi mimi nikiwa kwenye jaribio la kemia. Hakuniaga, wala sikutarajia aniage. Nilipata nilichokitaka, mwaka wangu niliubakiza, ndugu yangu amerudi shule, na bado nilikuwa naingia darasani nikiwa na hasira, nakaa nimeacha nafasi kushoto kwangu bila kukusudia, mpaka wenzangu wakaanza kuweka mabegi yao pale.

Likizo fupi ya katikati ya muhula Mama akanituma Litapunga na mfuko: sabuni, daftari, sweta. Pikipiki ikanishusha karibu na shule. Kwetu kulikuwa na likizo, wao walikuwa bado wanasoma, na ilikuwa saa ya mapumziko. Nilisimama nje ya ua wa michongoma nikipanga sentensi kichwani kwa muda mrefu. Mwishowe wakaja wasichana wawili na ndoo za maji, wakaniamkia kama mgeni, nikasema namtafuta Kulwa, wa kidato cha pili.

Wakaangaliana. "Hapa hakuna Kulwa."

"Amehamia. Mwezi wa nne. Anatoka Mpanda mjini."

"Aliyehamia ni Emanueli," mmoja akasema. Akaniangalia vizuri sasa, pua, paji la uso, akaweka ndoo chini. "Mbona unafanana naye hivyo? Ndugu yake?"

Emanueli ni jina lililo kwenye cheti chake cha ubatizo, kama nami nilivyo na langu kwenye changu; nyumbani hajawahi kuitwa hivyo hata mara moja. Nikaelewa. Mtu akijiita Kulwa, Msukuma yeyote atakayemsikia atamuuliza hapohapo: Doto yuko wapi? Nyuma ya darasa nilikuwa nasikia wavulana wanashangilia mpira, na katikati yao sauti moja ninayoijua kuliko yangu, inaomba pasi, inatukana, inacheka. Ningeweza kuita jina lile la nyumbani, angegeuka, na uwanja mzima ungegeuka naye.

"Ndiyo, ndugu yake," nikasema. "Naomba mniitie Emanueli."

"Tumwambie nani anamwita?"

Mfuko ulikuwa unanikata vidole. "Mwambieni Yohana," nikasema, na ilibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza hawakunisikia.